Waya Uliofungwa Kwenye Jiwe

Kitambaa cha spika ya kushoto kilikuwa kimelowa.

Vitalia alikigusa kwa kiganja, kisha akanusa vidole. Alidhani ni mwanawe Anjela, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kutambaa na kushika kila kitu kwa mikono yenye uji. Lakini uji haunuki hivyo. Ile ilikuwa harufu ya ziwa, ya mawe yenye utelezi na usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa juani. Na nyumba yao ilikuwa Mbinga, huku juu kwenye baridi na mibuni, ambako ziwa mtu huliona akisafiri tu. Alifuta kwa kitambaa kikavu, na jioni akamwambia mumewe kwamba paa linavuja.

Wendelin alitazama juu. Ulikuwa mwezi wa Julai, mvua imekwisha kusahaulika.

"Utakuwa umande," alisema.

Hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa seremala mpole, mwanamume wa kumchemshia mkewe maji ya kuoga kabla hajaombwa. Ila zile spika zilikuwa kipande cha moyo wake. Alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto, na kila Jumapili baada ya Misa rafiki zake wawili walikuja kuzisikiliza kama watu wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Mmoja alikuwa Kilian, mwalimu wa sekondari, mwenye santuri za zamani alizoachiwa na baba yake. Mwingine alikuwa Hyasinti, dereva wa basi dogo linaloshuka Mbamba Bay asubuhi na kupanda jioni, ambaye hakukosa kumletea shemeji yake usipa waliofungwa kwenye jani la mgomba. Vitalia aliwapenda wote wawili, kwa sababu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mtoto akilala walibishana kwa kunong'ona.

Na mabishano yao mwaka huo yalikuwa ya waya. Waya mzuri wa spika ulikuwa umeadimika. Mwenye duka wa Songea alisema mzigo umekwama Dar es Salaam, baadaye akasema haujatoka hata huko ng'ambo, mwishowe akaacha kupokea simu. Uliokuwepo sokoni ulikuwa aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kilian aliukwaruza kwa wembe, weupe ukaonekana, akautupa mezani kama mtu aliyekuta funza kwenye embe, akasema huo ni wa kuanikia nguo. Hyasinti akamtania kwamba Mwalimu anasikia hata nzi akijikuna ndani ya santuri, ila mkewe akimwita akachote maji masikio yanaziba. Walicheka, lakini Wendelin alicheka nusu. Amplifaya aliyoitamani miaka mingi ilikuwa pale rafuni, na kwa nyaya zile mbovu besi yake ilisikika kama jirani anayekung'uta godoro.

Basi Jumapili moja, kabla ya ule unyevu, Hyasinti aliingia na mzingo wa waya begani. Alikuwa ameuona Mbamba Bay alipokuwa akiosha gari ufukoni: ncha moja imefungwa kwenye jiwe, urefu wote uliobaki umezama majini. Hapakuwa na mtu karibu. Akaufungua, akavuta.

"Ulikuwa mzito," alisimulia akicheka. "Kama kuna mtu kaushika huko upande wa pili na hataki kuachia. Nikavuta kama navuta ng'ombe mkaidi, mara ukalegea."

Kilian akaukwaruza. Wekundu mpaka ndani. Ilikuwa shaba tupu, nene, ya zamani ile ambayo haiji tena. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kwa nini mtu afunge waya wa shaba kwenye jiwe. Hamu yao ilikuwa kubwa mno kwa swali kama hilo. Waliusugua kwa limau na majivu ukang'aa, wakaukata vipande viwili, wakaunganisha.

Santuri ilipoanza, wanaume wote watatu walinyamaza. Hata Vitalia, ambaye hakujua besi ni nini na nini si besi, aliacha kuchambua maharage. Mwimbaji alikuwa amesimama katikati ya chumba, ungeweza kumsogezea kiti. Kilian alijifuta jicho kwa nyuma ya mkono, na Vitalia akajifanya hakuona.

"Nyuma ya gitaa kuna mtu anapumua," Kilian alisema baada ya muda.

"Ndio ubora wenyewe huo," alijibu Wendelin. "Siku zote alikuwepo, hatukumsikia tu."

Baada ya ule unyevu vikaja vidudu. Vitalia akifagia alikuta chini ya spika rundo la vidudu vyeusi, vyepesi kama majivu. Hyasinti ndiye aliyevitambua. Alivigeuza kwa kidole, uso wake ukabadilika. Walikuwa kungu, wadudu wale wanaopanda juu ya ziwa kama nguzo ya moshi. Alisema kungu hawafiki huku juu, kisha akasema labda wamepanda na gari lake.

Vitalia hakuogopa mara moja, kwa sababu jambo lililofuata lilikuwa la wema. Anjela alikuwa akiota meno, akilia kutwa nzima. Mchana mmoja, umeme umekatika, Wendelin yuko karakana, Vitalia mwenyewe amechoka mpaka machozi yanamlengalenga, spika ya kushoto ilianza kuimba kwa mdomo uliofumbwa. Ulikuwa wimbo mfupi wa kubembeleza, na nyuma yake maji yakigonga mawe. Mtoto akanyamaza. Akalala. Vitalia alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akijua kabisa kwamba taa haiwaki na amplifaya ni baridi, na badala ya kukimbia akasema moyoni, asante. Ndivyo alivyoumbwa. Ukimshikia mtoto wake hata kidogo tu, hakusahau.

Kosa alilifanya siku chache baadaye, kwa moyo huohuo.

Alikuwa uani anafua, Anjela mgongoni. Kutoka ndani ya nyumba mtu akaita, "Mama."

Ilikuwa sauti nzito, yenye unyevu, lakini iliita kama mtoto anavyoita. Na mwanamke anayelea hafikirii kwanza.

"Abee, mwanangu," Vitalia akaitika. "Nakuja."

Alikuwa amekwisha kukung'uta mapovu na kuelekea mlangoni ndipo alipohisi pumzi ya Anjela shingoni mwake, pumzi ya mtoto aliyelala fofofo, mtoto ambaye hakuwa amejua bado kusema neno lolote.

Ndani, kitu kilicheka kwa furaha, taratibu, kama aliyepotea njia akaona taa ya kwao.

Tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Iliita akipika, iliita akisali, iliita hata akiwa chooni, na kila alipochelewa sauti ililainika na kudeka kama ya mtoto anayejua mama yake yupo ila anajificha. Wendelin alifungua nyaya zote mbili akazitundika karakana, lakini spika zisizounganishwa na chochote ziliendelea kuita. Alipozitoa uani na kuzifunika kwa turubai, wito ulihamia ukutani pale zilipokuwa zimesimama, akazirudisha. Na sasa haikumbembeleza mtoto tena. Anjela akipakatwa anyonye, kitu kilinung'unika kwenye mbao za mninga. Akilazwa, aliamka nywele zimelowa, ananuka ziwa, anakohoa. Kwenye zahanati walimpima kifua wakakikuta safi. Katekista alikuja na maji ya baraka, akasali sala ndefu, nyumba ikanyamaza kimya cha heshima, na alipofika tu barabarani ikaita tena, "Mama."

Kisha ikaja ile alfajiri ambayo Vitalia aliamka kwa sababu mtoto hakuwa amelia, akapapasa kitandani akagusa kitu baridi, akafunua blanketi, na kwa mwanga hafifu wa dirishani akaona ule waya wa shaba, ambao jioni alimwona mumewe kwa macho yake akiufungia karakana, umejizungusha kwenye kifundo cha mguu wa Anjela kwa upole kama mtu amfungaye mtoto shanga, halafu umeshuka kitandani, umepita chini ya mlango, umevuka ua ukiwa umelowa chapachapa, ukaelekea kule ambako mteremko unaanza kushuka kwenda ziwani, na ulikuwa unavutwa, si kwa nguvu, bali kwa subira, kidogokidogo, kama mtu anayejua kwamba mwishowe utafika.

Wendelin aliufungua. Kisha akampigia Hyasinti simu.

"Kaka, ule waya ulikuwa wa nani?"

"Sijui. Ulikuwa kwenye jiwe."

"Nani hufunga waya kwenye jiwe?"

"Kuna mama mmoja hukaa pale jioni," Hyasinti alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani anapunga upepo."

Waliteremka naye siku hiyohiyo, wote na mtoto, na vipande viwili vya waya ndani ya gunia. Walimkuta yule mama amekaa palepale, mkono juu ya jiwe, mwanamke mkongwe aliyejifunga khanga mbili zilizopauka. Jina lake Emerensiana. Vitalia alipiga magoti akamwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitika marahaba, akaliona gunia, akajua. Hakupaza sauti.

Aliwaeleza taratibu, akilitazama ziwa. Mwanawe Aidan alikuwa fundi muziki, alipakia spika zake kwenye boti na kwenda kupiga harusi za vijiji vya pwani ya ziwa. Wimbi liliipindua boti. Wengine wote waliogelea wakatoka, Aidan hakuonekana, wala mwili wa kuzika haukupatikana. Kilichobaki nyumbani ni waya wake, alioupenda mno hata hakuruhusu mtu aukanyage. Basi mama yake akafunga ncha moja kwenye jiwe lililo mbele ya nyumba na kutupa nyingine majini. Alikuwa amemwona mara nyingi mwanawe, umeme ukikatika harusini, akifuata waya gizani kwa vidole mpaka anafika. Alisema moyoni: ataushika, ataufuata, atafika. Na kila jioni alikaa akimwita.

Hyasinti, aliyezoea kutania kila mtu, alipiga magoti mchangani na hakuweza kuinua uso. Mama yule akamwekea mkono kichwani.

"Hukujua, mwanangu."

Kisha akamgeukia Vitalia, akashusha sauti.

"Alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Ukamwitikia?"

Vitalia alitazama chini. "Nilisema, abee mwanangu."

Emerensiana alilitazama wimbi likija na kurudi. "Afadhali," alisema. "Afadhali kuna aliyemwitikia. Mimi nimeita mpaka koo limekauka." Halafu macho yake yakatua kwa Anjela, aliyekuwa akikohoa mgongoni mwa mama yake, na akautikisa mkono kama anayefukuza wazo. "Lakini wewe una wako. Sikiliza. Leo nitaita mimi. Akijibu, nitaitika mimi. Wewe usiitike. Hata akilia, usiitike. Akisikia sauti yako hatarudi kwangu."

Wendelin aliunganisha vile vipande viwili, akavisokota kwa uangalifu wote wa mikono yake. Wakafunga ncha moja kwenye jiwe. Hyasinti aliingia majini mpaka kiunoni akatupa nyingine mbali. Jua lilikuwa linagusa milima ya Malawi ng'ambo. Emerensiana akashika waya kwa mikono yote miwili, akaita jina la mwanawe, mara moja, kama anayeita mtu aliye chumba cha pili.

Maji yakagonga mawe kwa ule mwendo ambao Vitalia alikwisha kuujua.

Halafu jibu likaja, na halikutoka ziwani wala kwenye waya, lilitoka nyuma ya shingo yake, kwenye kinywa cha Anjela, kwa sauti nyembamba ya Anjela mwenyewe, neno la kwanza la mtoto wake, neno ambalo kila mama hulingoja tangu siku ya kujifungua na ambalo Vitalia alikuwa akilifundisha kila akimvalisha na kila akimlisha, "Mama," halafu tena, "Mama," vidole vidogo vimemshika nywele, halafu likawa kilio, si cha hasira bali cha mtu anayeuliza nimekukosea nini, na Vitalia akaingiza khanga mdomoni akaiuma mpaka meno yakauma, na machozi yakamtiririka, na hakuitika.

"Abee, Aidan," alisema Emerensiana. "Nipo, mwanangu. Njoo."

Waya ukakaza ghafla, ukalia kama uzi wa gitaa. Kisha ukalegea.

Anjela akatapika maji, maji safi, mengi kuliko tumbo lake linavyoweza kubeba, kisha akalia kilio chake kile cha njaa ambacho mtaa mzima ulikijua. Emerensiana alivua khanga yake moja, ile kavu, akampa Vitalia amfunike mtoto. Halafu akarudi kwenye waya. Walipokuwa wanaondoka walimsikia akizungumza nao kwa sauti ndogo, akiuuliza kama amekula.

Miezi ikapita, nyumba ikatulia. Waya mpya ukafika Songea, Wendelin akaununua, Kilian akaja na santuri zake. Muziki ulikuwa wa kawaida. Nyuma ya gitaa hapakuwa na mtu. Kilian alisema ni bora hivi, na wote waliuona uongo wake wakaukubali.

Ila Vitalia alibaki na desturi moja. Mtoto alipoanza kusema na kumwita, hakuitika mpaka ageuke amwone mdomo. Akiwa jikoni, akiwa shambani, aligeuka kwanza, akautazama mdomo, ndipo akasema abee. Anjela aliizoea. Alijifunza kuzunguka, kuja kusimama mbele ya mama yake na kuinua uso kabla ya kuita. Majirani walidhani ni adabu, wakamsifu.

Masika ya pili baada ya hapo Hyasinti alikuja bila usipa. Alikaa kibarazani, kofia mkononi, akasema Mama Emerensiana amefariki na wamemzika. Alipita ufukoni kutazama. Waya ulikuwa bado kwenye jiwe, alisema, na hapakuwa na mtu wa kukaa nao.

Wiki hiyo kitambaa cha spika ya kushoto kilikuwa kimelowa tena. Vitalia alikifuta kabla mumewe hajakiona.

Akaanza kuitwa. Hakuitika. Sauti iliita kwa furaha, ikaita kwa deko, ikaita kwa kulia, na yeye akapepeta mahindi, akachochea moto, akaimba nyimbo za kwaya kwa nguvu, na kila alipokaa kimya alijisikia kama anakanyaga vidole vya mtu anayejaribu kupanda kutoka majini. Hakumwambia Wendelin. Alijiambia, akichoka atanyamaza. Na kweli, siku moja ikanyamaza. Ikapita siku nyingine, kimya. Vitalia akapumua.

Jioni ya siku hiyo alikuwa anamenya viazi. Anjela alikuja, akasimama mbele yake, akainua uso.

"Mama, mbona yule mwingine humwitikii?"

Kisu kikasimama. "Yupi, mwanangu?"

Anjela alinyoosha kidole sebuleni, kule kwenye spika.

Vitalia aliweka kisu chini, akapiga magoti mpaka macho yao yakalingana, akamshika mabega. Nywele za mtoto zilikuwa na unyevu.

"Anjela. Alikuita na wewe? Ukamwitikia?"

Mtoto alikuwa ameukazia macho mdomo wa mama yake, kwa makini, kama mtu anayetaka kuona kwanza ni nani anayesema.